Toleo la Zamani Lina Watu Wake

Seva ninayoitunza hapa Yamumbi ina matoleo mawili ya PHP. Moja ni la mfululizo wa 8. Jingine ni 5.6, ambalo watengenezaji wake waliacha kulirekebisha mwisho wa mwaka 2018. Wenzangu wa Eldoret mjini huniuliza mbona silifuti hilo kuukuu. Nami huwajibu kwamba lina watu wake.

Watu hao ni akina mama wa chama kimoja cha akiba. Programu yao iliandikwa enzi za PHP 5, na kila inapotafuta rekodi huita mysql_query, amri iliyoondolewa kabisa PHP 7.0 ilipotoka Desemba 2015. Ukiihamisha bila kuiandika upya, ukurasa hukwama na mweka hazina hajui nani amelipa. Basi kila toleo nimelitengea FPM yake, yaani huduma inayoendesha PHP, soketi yake na mtumiaji wake, lisiguse faili za mwenzake. Nginx, programu inayopokea maombi ya wavuti, husoma jina la tovuti iliyoombwa, kisha hupeleka ombi kunakostahili. Hakuna mgeni anayejua kwamba humo ndani mnaishi wawili.

Kulea mawili kwa pamoja si kushindwa kuamua. Tazama shule zetu za Kenya. KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa 2023, na KCSE ya mwisho ya mtaala wa zamani wa 8-4-4, mtihani wa kumaliza sekondari, imepangwa 2027; hadi hapo mfumo mmoja wa elimu unabeba mitaala miwili, wa zamani na mpya. Walimu wanachoka, na malalamiko yao ni ya haki. Hata hivyo, mtoto aliyeanza safari na mtaala wa zamani angedhulumiwa kama angeshushwa njiani.

Ila nasisitiza: 8-4-4 imewekewa mwaka wa kuisha. Bila tarehe, uvumilivu hugeuka uzembe. PHP 5.6 haipati tena viraka vya usalama kutoka kwa wenyewe, na kuiacha wazi kwenye intaneti ni kuhatarisha jasho la watu. Ndiyo maana nimeifungia: inaitikia kompyuta ya chama tu, si nyingine yoyote.

Tumekubaliana na mweka hazina kwamba hesabu za mwaka zikifungwa Desemba, rekodi zitahamia kwenye programu mpya. Atakagua mwenyewe jumla ya kila mwanachama, jina kwa jina, akiwa na daftari lake mkononi. Akiridhika, nitaizima FPM ya zamani yeye akiwapo.