Tiketi Yenye Chakula: Safari ya Akina Mama wa Lionja

Minada ya ufuta ikishapita na malipo kuingia kupitia vyama vya msingi, kila mama wa Lionja huwa na orodha yake kichwani. Kuna michango ya shule, sare, bati la kuezekea na deni la dukani. Wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale tunauza pamoja chini ya chama kikuu cha RUNALI, kwa hiyo fedha hutufikia karibu kwa wakati mmoja, na kwa wakati mmoja huanza kuisha.

Juni 2023 tuliongeza jambo moja kwenye orodha hiyo. Sisi wa umoja wa akina mama kanisani tuliamua kuwapeleka watoto Dar es Salaam, kwenye bustani ya michezo ya maji yenye mabwawa na mitelezo mirefu ambayo walikuwa wameiona kwenye simu za kaka zao. Mwenzetu mmoja alipinga. Bahari iko Lindi, alisema, na haina kiingilio. Alikuwa na haki, lakini watoto walikwisha kusikia.

Aliyewahi kusafiri kutoka kwetu anaijua njia. Unateremka hadi Nanganga, unapita Nyangao na Mtama, unafika Mnazi Mmoja, halafu Lindi, Nangurukuru, Somanga, Ikwiriri. Ni siku nzima ndani ya basi. Tulibeba kama tulivyofundishwa na mama zetu: chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, korosho, na kapu la ming'oko iliyochemshwa, pamoja na chumvi na pilipili kwenye karatasi. Tulipovuka Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji watoto walikuwa wakiimba, midomo imejaa ming'oko.

Kesho yake asubuhi, mbele ya dirisha la tiketi, ndipo tulipokutana na swali ambalo hatukulijadili Lionja. Tiketi zilikuwa za aina mbili. Moja ilikuwa ya kuingia tu. Nyingine ilikuwa na chakula ndani yake: kuku, chipsi, soda moja na aiskrimu, na bei yake ilikaribia kuwa mara mbili ya ile ya kwanza. Juu ya hayo, chakula cha nje hakiruhusiwi. Kapu letu lilibaki getini kwa mlinzi.

Mweka hazina wetu alipiga hesabu papo hapo. Kwa mama mwenye watoto wanne, ile nyongeza peke yake ingenunua gunia la mahindi. Akasema tununue tiketi za kawaida, watoto watastahimili mpaka jioni. Lakini fedha zilikuwa za kila mmoja wetu, si za umoja, na baadhi yetu tulikuwa tumevuna vizuri. Tukanunua kila mtu kwa uwezo wake. Mwenye chakula alifungwa utepe mwekundu mkononi, asiye nacho alifungwa wa bluu.

Hapo ndipo tulipokosea, na tunaandika haya kwa sababu hiyo. Saa saba mchana wenye utepe mwekundu waliitwa kwenye foleni. Wenye utepe wa bluu walibaki wamekaa ukingoni mwa bwawa, watoto waliokua pamoja, wanaokaa benchi moja la Shule ya Jumapili. Hakuna aliyelia. Mmoja alimuuliza mama yake kwa sauti ya chini kama wamefanya kosa gani. Mama yule alijifunika khanga usoni akajifanya anafuta maji. Wenye chipsi waligawa, ndiyo, tena bila kuambiwa, lakini sahani moja kwa watoto watatu haimshibishi hata mmoja, na foleni ilikuwa imekula zaidi ya saa nzima ya mchezo. Maji ya kunywa hayakuwamo katika bei. Tuliyanunua chupa moja moja, kwa bei ya ndani.

Jambo hili si la Dar es Salaam peke yake. Kule Florida, Marekani, bustani kubwa ya Disney ilianza mwaka 2005 kuwauzia wageni wa hoteli zake mpango wa kulipia milo kabla ya safari. Ulisimamishwa mwaka 2020 wakati wa korona, ukarudishwa Januari 2024. Familia hulipa kwa idadi ya siku na ya watu, na mlo ambao haukuliwa mpaka siku ya kuondoka hotelini umepotea. Kwa hiyo wapo wanaokula bila njaa ili wasipoteze fedha yao. Hata hivyo bustani hiyo humruhusu mgeni kuingia na chakula chake kutoka nyumbani, mradi asilete pombe wala vyombo vya kioo. Tulipolisoma hilo tulilikumbuka kapu letu pale getini.

Wazee wa Nachingwea, tulipowasimulia, walicheka wakatukumbusha mradi wa karanga. Waingereza waliuanza mwaka 1947, wakaleta matrekta na kujenga reli kutoka pwani, na mwaka 1951 wakaufuta baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Walilipa kwanza, wakauliza udongo baadaye.

Je, tiketi yenye chakula haifai kamwe? La, hatusemi hivyo. Mama mwenye mtoto mmoja mkubwa mwenye kula vizuri, aliyekuja peke yake na hana pa kupika, anaweza kuiona nafuu, kwa sababu akinunua ndani kitu kimoja kimoja atalipa zaidi. Kwa mtoto wa miaka mitatu ni kutupa fedha: atakula chipsi nne na kulilia aiskrimu. Kabla ya kulipa, uliza kama maji yamo, na uulize kama ukitoka getini unaweza kurudi kwa utepe ule ule. Sisi hatukuuliza.

Mwaka 2024 hatukwenda, kwani kimbunga Hidaya kilileta mafuriko mwezi Mei yakakata barabara pale Somanga. Juni 2025 tulirudi, na safari hii tuliuliza. Kumbe kutoka na kurudi kuliruhusiwa. Watoto wote walivaa utepe wa bluu, na saa sita tuliwatoa, tukawaketisha kwa mama lishe mmoja ng'ambo ya barabara ambaye mwenyekiti wetu alikwisha kumwona tangu asubuhi. Alipakua wali, maharage na samaki wa kukaanga, kila mtoto sahani yake, na umoja ukalipa kwa fedha ya maandazi tuliyouza mwaka mzima baada ya ibada. Mama lishe alipoona ming'oko aliomba aonje. Alikuwa mtu wa Masasi, hakuwa ameila tangu alipoolewa, na alikataa kutudai fedha ya chai.