Garsen: Udongo unaoamua nani akae wapi

Msafiri anayetoka Malindi kuelekea Garsen hupita Mambrui, Gongoni na Marereni, kisha hujikuta katika nchi ya vichaka, vumbi na mbuzi. Baada ya zaidi ya kilomita 100 hufika Minjila, pale njia ya Lamu inapoachana na ile ya Hola na Garissa. Hapo ndipo macho hukutana na jambo la ajabu. Katikati ya nchi kavu kuna utepe wa miti mikubwa, mibichi kana kwamba mvua ilinyesha jana. Hatua chache kutoka kwenye miti hiyo kuna uwanda wa nyasi usio na mti hata mmoja, na ng'ombe wanalisha.

Mto ni mmoja, jua ni lile lile, mvua ni ile ile haba. Mbona hapa pawe msitu na pale pawe malisho? Wengi watajibu kwamba ni maji ya Mto Tana. Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili imelala chini ya miguu, nayo ni udongo.

Mto unaojenga kuta zake

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Huanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukasafiri takriban kilomita 1,000 hadi Bahari Hindi. Njiani hubeba udongo wa mashamba na vilima vya bara. Mara mbili kwa mwaka, mvua za masika na za vuli zinaponyesha huko juu, mto hufura na kumwagika nje ya kingo zake.

Maji yanapotoka kwenye mkondo hupunguza mwendo. Mchanga, ambao ni mzito, huanguka kwanza, pale pale ukingoni. Tope laini husogea mbele kidogo. Chembe za mfinyanzi, ndogo hata jicho haliwezi kuzitambua moja moja, huelea hadi mbali na kutua pale maji yanaposimama kabisa. Jambo hilo likirudiwa kwa karne nyingi, mto hujijengea ukingo ulioinuka kila upande, na nyuma yake hubaki bonde la mfinyanzi. Tofauti ya kimo kati ya ukingo na bonde mara nyingi ni mita chache tu, lakini mita hizo ndizo zinazogawa nchi.

Shimo la kwanza: juu ya ukingo

Wataalamu wa udongo wana desturi moja: kabla ya kusema lolote, huchimba shimo na kuusoma ukuta wake kutoka juu hadi chini. Tuwafuate.

Juu ya ukingo, chini ya mikuyu, kuna majani makavu, kisha udongo tifutifu wa rangi ya kahawia. Chini yake tabaka hufuatana kama kurasa: mchanga, tope, mchanga tena, kisha utando mwembamba wa mfinyanzi. Kila utando ni kumbukumbu ya gharika moja. Udongo huu ukiumwagia maji, huyanywa na kuyapitisha chini. Mizizi hupenya kwa urahisi kufuata maji yaliyo chini ya ardhi, ambayo mto huyajaza kutoka pembeni. Ndiyo maana msitu hustawi katika nchi ambayo mvua yake peke yake isingeweza kuulisha.

Shimo la pili: msitu unapoteremka

Sasa tutembee kutoka mtoni, tuteremke nyuma ya ukingo. Miti mirefu inapungua na mikindu inaongezeka, kwa maana mkindu ni mti usiochukia miguu yake kulowa. Shimo la hapa lina hadithi tofauti.

Tabaka la juu ni jeusi kwa sababu ya majani yaliyooza polepole. Likilowa hunata kwenye kiatu mpaka mtu akahisi amevaa matofali. Chini yake ni mfinyanzi mzito wa kijivu, nao umetiwa madoadoa ya rangi ya kutu na ya chungwa. Ukitazama vizuri utaona kwamba kutu hiyo mara nyingi imezunguka vijia vya mizizi, kama rangi iliyopakwa ndani ya mrija. Ukizidi kuchimba, madoadoa yanapungua, kijivu kinakolea na kuelekea buluu, na pengine harufu ya yai viza inapanda puani.

Rangi hizi si pambo. Udongo wa kawaida una matundu madogo yenye hewa, na mizizi na vijidudu hupumua humo. Maji yakijaa matundu hayo na kukosa njia ya kutoka, hewa hukatika, kwa kuwa oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara elfu kumi hivi kuliko inavyosafiri hewani. Vijidudu humaliza ile iliyobaki kwa siku chache tu, kisha hugeukia madini, ikiwemo chuma. Chuma chenye hewa ni chekundu, sawa na msumari uliopata kutu. Kikinyang'anywa oksijeni hupoteza wekundu, huyeyuka katika maji na kuacha udongo wa kijivu. Maji yanapopungua, hewa huingia kwanza kupitia vijia vya mizizi, na kutu huzaliwa upya hapo hapo.

Basi ukiona kijivu kitupu, jua kwamba maji hukaa hapo karibu mwaka mzima. Ukiona kijivu chenye madoadoa ya kutu, maji huja na kuondoka. Ukiona kahawia au wekundu pekee, hewa haikatiki. Mtaalamu hulinganisha udongo na kitabu cha rangi kinachofuata mfumo uliobuniwa na Mmarekani Albert Munsell, naye anaweza kueleza tabia ya maji mahali hapo hata akifika wakati wa kiangazi kikali.

Shimo la tatu: bondeni

Katika uwanda wa nyasi mtu huhitaji sururu. Wakati wa kiangazi mfinyanzi mweusi wa bondeni huwa mgumu kama saruji na hupasuka nyufa ambazo mkono huingia hadi kwapani. Mvua ikinyesha, udongo huo huo huvimba, nyufa hujifunga, na maji hubaki juu kama kwenye sinia. Ndani ya shimo utakuta mabonge yenye nyuso zinazong'aa kama zilizopigwa msasa. Yanavimba na kusinyaa, yakisuguana kila mwaka. Chini zaidi huonekana vijiwe vyeupe vya chokaa.

Wakazi wa Nairobi wanaujua udongo wa namna hii bila kufika Garsen. Ni ndugu wa ule mweusi wa Athi River na Kitengela, unaopasua kuta za nyumba ambazo misingi yake haikuchimbwa vya kutosha. Bondeni Tana, kinachopasuliwa ni mizizi. Mche wa mti hunyimwa hewa wakati wa mafuriko, kisha hukatwa mizizi wakati wa kiangazi. Nyasi huvumilia mateso hayo yote mawili, mti mwingi hauwezi.

Yaje, yakae, yaondoke

Katika vitabu vya kilimo, udongo usiopitisha maji vizuri huandikwa kama ugonjwa, na dawa yake ni mtaro. Mtu akiutazama bonde la Tana kwa jicho hilo anaweza kukosea sana. Hapa uhai wote unategemea mambo matatu kwa mpangilio wake: maji yaje, yakae kwa muda, kisha yaondoke. Yasipokuja, msitu hufa kwa kiu na mashamba hukosa tope jipya lenye rutuba. Yasipokaa, nyasi hazioti na samaki hawazaliani. Yasipoondoka, mizizi huoza.

Wapokomo, ambao ni wakulima, walilisoma somo hili zamani. Migomba na miembe hupandwa juu ya ukingo, na mpunga hupandwa palipo chini, maji yakifuatwa yanapopungua. Waorma, ambao ni wafugaji, huleta mifugo bondeni wakati nchi ya juu imekauka, kwa kuwa mfinyanzi huhifadhi unyevu na nyasi hubaki mbichi. Katika miaka ya kawaida tabaka za udongo zilikuwa kama ratiba: mkulima atoke na mazao yake, ndipo ng'ombe waingie.

Ratiba hiyo ikivurugika, watu hugongana. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Tana Delta. Siasa na silaha zilikuwa na sehemu yake, na si haki kuulaumu udongo kwa dhambi za binadamu. Hata hivyo, kilichokuwa kikigombewa ni ardhi hii hii inayobaki na unyevu wakati kwingine kumekauka.

Mabwawa ya juu

Kuanzia mwaka 1968 Kenya ilijenga mabwawa ya umeme juu ya Tana: Kindaruma, kisha Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Taa za mijini zikawaka. Lakini bwawa huzuia vitu viwili kwa pamoja. Hupunguza makali ya mafuriko ya kawaida, na tope hutua ndani yake badala ya kufika Garsen.

Mtaalamu wa jiografia Francine Hughes, aliyechunguza misitu ya Tana katika miaka ya 1980, alionyesha jinsi aina za msitu zinavyofuata kimo cha ardhi na mafuriko. Miti mingi huhitaji gharika ili miche mipya ipate tope na unyevu wa kuanzia maisha. Bila gharika, wazee hubaki wamesimama, lakini hawana watoto. Msitu wa namna hiyo humdanganya mpita njia, kwa maana unaonekana mzima huku uzao wake umekatika.

Hasara hiyo si ya miti pekee. Kati ya Hola na Garsen kuna hifadhi ya nyani na kima iliyotengwa mwaka 1976 kwa ajili ya mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana. Wanyama hao wawili hawapatikani mahali pengine popote duniani. Makao yao ni vipande vya msitu vilivyosimama juu ya ule udongo wa ukingo.

Wakati huo huo mafuriko makubwa hayajakoma. El Nino ya 1997 na 1998 ilibomoa matuta ya mradi mkubwa wa mpunga uliokuwa umejengwa katika delta. Mwaka 2018, mwishoni mwa 2023 na tena mwaka 2024, maelfu ya watu wa Tana River walihama makwao. Kwa hiyo mkazi wa Garsen hubaki kati ya mambo mawili: gharika ndogo yenye manufaa imepungua, na gharika kubwa yenye maafa bado huja. Anaposhauriwa ahamie juu, kila mita ya kimo ina bei yake, maana juu hakuna mafuriko, lakini pia hakuna tope wala maji ya karibu.

Chumvi kutoka chini

Kuna tabaka moja zaidi. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Mto Ozi. Mto ukaupenda mfereji, ukaupanua, na leo humwaga maji yake Kipini. Wakulima wa Ozi walijifunza kilimo cha ajabu: bahari inapojaa, huyasukuma nyuma maji matamu ya mto yakapanda hadi kwenye mashamba ya mpunga. Mto ukipungua nguvu, kinachopanda ni maji ya chumvi. Wakulima wa huko wameona mashamba ya mpunga na miembe ikiharibika kwa sababu hiyo. Chumvi ikishaingia katika mfinyanzi usiopitisha maji, kuitoa ni kazi ya miaka mingi.

Tangu mwaka 2012 Delta ya Tana imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, ikiwa na hekta 163,600. Cheti ni kizuri, lakini hakiwezi kufanya kazi ya tope. Mpango wowote wa bwawa jipya, mtaro au shamba kubwa unapaswa kwanza kujibu maswali matatu ya udongo: maji yatakuja lini, yatakaa siku ngapi, na yataondokea wapi?

Kwa wanafunzi na familia

Si lazima ufike Garsen ndipo uanze kusoma udongo. Chukua chupa ya kioo, jaza udongo wa uwanjani hadi theluthi, ongeza maji, tikisa vizuri na uiweke mezani. Mchanga utatua kabla hujahesabu hadi sitini. Tope litatua kwa saa kadhaa. Mfinyanzi utaendelea kuyafanya maji yawe ya maziwa hata kesho na kesho kutwa. Hiyo ndiyo kazi ya Mto Tana, imefanyika ndani ya chupa.

Na mkipata nafasi ya kwenda wenyewe, epukeni miezi ya mafuriko, chukueni chandarua, na msikaribie maji bila mwenyeji, kwa sababu mamba na viboko wako. Mwombeni mwenyeji huyo awaonyeshe mahali ukingo ulipomeguka karibuni. Hapo mto umekwisha kuwachimbia shimo, na tabaka zote ziko wazi kusomwa bure.