Nilivyofuta tope kwenye picha ya Bibi

Haya wadau, najua nimekuwa kimya wiki kadhaa, lawama nazipokea zote. Kwanza ilikuwa UE, watu tunapiga msuli mpaka macho mekundu, halafu karatasi ya mwisho ilipoisha sikuaga mtu, nikaenda zangu Mbagala Rangi Tatu kupanda gari la Ikwiriri. Nimekaa Umwe nimekula kambale, nimelala, nimerudi Mlimani juzi. Nimerudi na jambo limenikaa rohoni, na kwa kuwa linahusu picha, na wengi wenu mnanijua kwa picha, acha niliseme hapahapa.

Wasionijua: mimi ndiye yule wa chumba ambacho mahafali yakikaribia mlango haufungwi. Mtu anapigwa picha na joho lake, anakuja na simu, "kaka niwekee sawa." Kuweka sawa maana yake ni nyingi. Nitolee chunusi. Huyo jamaa wa nyuma mfute. Punguza tumbo kidogo. Na ombi linaloongoza kuliko yote, kwa wavulana na wasichana vilevile: "ning'arishe." Hakuna anayesema nifanye mweupe, wanasema ning'arishe, na wote tunaelewana. Buku mbili picha moja, boom likichelewa napunguza. Sioni aibu, ndiyo iliyoninunulia chakula muhula wa pili wote.

Rumeti wangu anasomea uandishi wa habari na kila akiniona nimeinamia kompyuta ananiambia, "unachakachua tena?" Yeye msimamo wake ni mmoja: picha ikishapigwa iachwe. Mimi namjibu kwamba picha mbichi hailiki, lazima ipikwe. Tumebishana hivyo tangu mwaka wa kwanza na nilikuwa nashinda, maana mimi ndiye nilikuwa nanunua chipsi.

Sasa sikilizeni.

Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika. Wengine mtakumbuka kwenye taarifa za habari, mashamba ya Rufiji na Kibiti yalikwenda na maji, na wengine nyumba pia. Kwetu Umwe tupo juu kidogo, ubavuni mwa Ikwiriri. Wazee wetu wengi hawakuwa wakiishi huku, walikuwa bondeni kulekule kwenye mashamba, mpaka mafuriko ya 1968 yalipokuja na baada yake serikali ikawahamishia juu kwenye vijiji vya ujamaa, ile wanayoiita Operesheni Rufiji. Watu walihama lakini mashamba hayahami. Kwa hiyo mpaka leo mtu analala juu, analima chini. Mto ukijaa ukapungua, unaacha tope zuri, hapo ndipo watu wanapanda mlau: mahindi, kunde, maboga, kwa unyevu uliobaki ardhini bila kusubiri mvua. Na kwa kuwa nguruwe pori na ngedere nao wanapenda mahindi, kila shamba lina dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, mtu anakaa humo usiku kulinda. Dungu pia linakuokoa maji yakija ghafla. Usiwe refu wa kutosha, halikuokoi.

Dungu la Bibi lilisimama. Paa la makuti liliondoka, ngazi ikaondoka, nguzo nne zikabaki na sakafu yake nusu. Mimi nilifika likizo ya Agosti 2024, nimemaliza mwaka wa kwanza, nina simu mpya na kichwa kikubwa. Bibi akanipeleka shamba kunionyesha mlau ulivyotoka. Mahindi mabichi kabisa, jua la saa kumi, Bibi amevaa kanga na kilemba cha njano, ameegemea nguzo ya dungu kama binti anayesubiri gari. Nikamwambia, "Bibi tulia hapohapo." Akasema, "Nipige vizuri mume wangu, nisitoke kama mchawi." Nikapiga picha nyingi, moja ikawa ndiyo yenyewe. Anacheka, meno yake matatu yote yanaonekana.

Tatizo ilikuwa nguzo. Ule mti kwa juu ulikuwa wa rangi yake, kahawia iliyokolea, lakini kutoka chini kupanda juu ulikuwa umepakwa tope lililokauka, jeupejeupe kama majivu, na pale tope lilipoishia palikuwa na mstari umenyooka kabisa. Mstari ule ukapita nyuma ya kichwa cha Bibi. Nikauona uchafu. Kila nikiitazama picha jicho linakwenda kwenye mstari badala ya kwenda kwenye uso. Basi usiku, umeme upo, nikakaa na programu yangu, nikachukua kipande cha mti safi wa juu, nikawa nanakili nabandika, nanakili nabandika, mpaka nguzo nzima ikawa safi toka juu hadi chini. Nilikaa saa nzima na nguzo. Kisha nikalainisha uso wa Bibi kidogo, nikaipa anga rangi ya bluu, nikarusha kwenye grupu la ukoo.

Mafanikio yake usiseme. Shangazi wa Tandika aliipachika kwenye profaili. Mjomba wa Kibiti akaenda kuichapisha kubwa na kuiwekea fremu, ipo sebuleni hadi leo. Bibi mwenyewe alipoonyeshwa aliitazama muda mrefu, akauliza, "Huyu mimi wa mwaka gani?" Tukacheka. Nilidhani ni sifa.

Simu ikajaa. Mnajua simu ikijaa mtu anavyokuwa mkatili. Nikafuta zote, nikabakiza ile nzuri. Zilikaa kwenye pipa la simu siku zake 30, zikaenda.

Tuje likizo hii niliyotoka. Dungu limechoka, nguzo mbili zimeliwa na mchwa, Bibi kalivunja anataka jipya. Mjomba mkubwa akaja kusimamia na swali la kwanza alilouliza ni: sakafu tuiweke kimo gani? Maana 2024 maji yalikuja usiku, na shamba la pili yake kuna mtu alikaa juu ya dungu lake maji yakiwa yamemfika magotini mpaka mtumbwi ukamkuta. Sasa maji ya 2024 pale kwa Bibi yalifika wapi? Bibi anasema kifuani. Mjomba anasema hapana, yalizidi kichwa. Hakuna kati yao aliyekuwepo, walikuwa juu kijijini, walishuka maji yalipokwisha kupungua. Alama kwenye mwembe imeoshwa na masika. Nguzo za zamani zimeshakuwa kuni. Mjomba akapiga kofi paja lake, "Si kuna ile picha! Kijana alimpiga Bibi hapohapo kwenye nguzo, tope linaonekana!"

Wakaenda kuiteremsha ukutani.

Sitawaeleza sana niliona nini kwenye uso wa Mjomba. Alisogeza fremu karibu, akaisogeza mbali, akafuta kioo kwa shati. "Mbona nguzo safi?" Nikasema, "Niliitengeneza." Hakunigombeza. Alisema tu, "Sasa ulitengeneza nini, mwanangu?" na akairudisha ukutani ikiwa imepinda.

Na kitu kinachoniuma zaidi ni hiki. Nilikaa saa nzima natazama ule mstari kwa ukubwa wa kutosha kuhesabu nyufa za mti. Hakuna binadamu aliyeuangalia kunizidi. Na sikumbuki ulikuwa kwenye sikio la Bibi au juu ya kilemba! Nilikuwa nauangalia kama uchafu, na uchafu nani anaukariri?

Niliporudi nikamsimulia rumeti nikijua atashangilia. Hakushangilia, alinikumbusha kisa cha mpiga picha mmoja wa Mexico, Narciso Contreras, aliyekuwa akipigia shirika la habari la Associated Press vita vya Syria. Alikuwa katika timu iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2013. Januari 2014 shirika likaachana naye. Kosa lake? Kwenye picha ya mpiganaji, pembeni chini kulikuwa na kamera ya video ya mwenzake imelala, yeye akaona inaharibu, akanakili mawe na udongo akaifunika. Kona tu. Hakumgusa mpiganaji wala bunduki. Mwenyewe ndiye aliyekuja kuungama, na shirika likaziondoa picha zake zote kwenye hazina yao ya kuuza. Zamani ningesema wamemwonea. Sasa nikifikiria ile kona naiona nguzo ya Bibi.

Lakini bado simpi rumeti ushindi wote, na hapa ndipo nataka tubishane, wadau. Yeye anasema dawa ni kutogusa kabisa. Kutogusa nini? Simu yenyewe ikishapiga imeshagusa. Inaunganisha picha kadhaa kuwa moja, inaamua mwanga, inalainisha ngozi hata hujaiambia, ile kitu wanaita urembo ipo imewashwa tangu dukani. Na kamera hazikuzaliwa zikitujua sisi. Enzi za filamu, Kodak walikuwa wanasambaza maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, wakamwita Shirley, ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha rangi sahihi. Mpige Bibi yangu saa kumi jioni na anga linawaka nyuma yake, picha "isiyoguswa" itakupa kilemba cha njano kinaelea juu ya kiza. Nikipandisha mwanga wa usoni sijadanganya, nimerudisha alichoona jicho langu pale shambani. Hata nikiigeuza nyeusi na nyeupe, nimebadilisha kila nukta ya picha na bado nguzo ingesema maji yalifika wapi.

Kwa hiyo swali la "kiasi gani" mimi naona limekaa vibaya. Nilichofuta hakikufika sehemu ya kumi ya picha. Anga lote nililipaka bluu, na hakuna aliyelilia anga.

Na upande wa pili upo pia. Mnakumbuka Novemba 2017, dada yetu Lupita Nyong'o alipotokea kwenye jalada la jarida la Grazia la Uingereza, wakawa wamemfuta nywele zake za nyuma, zile zilizofungwa fundo, na zilizobaki wakazilaza? Akaweka mtandaoni picha zote, ya asili na ya jalada, watu walinganishe. Jarida likaomba radhi na mpiga picha akaomba radhi. Kuna mtu alikaa mahali akaona zile nywele ni tope kwenye nguzo. Tofauti ni kwamba Lupita alikuwa na picha ya asili. Mimi niliifuta ili nipate nafasi ya video za vichekesho.

Sisemi wote tuwe waandishi wa habari. Picha za kupendeza zimekuwepo pwani yetu kabla ya kompyuta. Kule Lamu marehemu Omar Said Bakor alikuwa akikata na kubandika picha za wateja studioni kwake kwa mkasi na mikono yake, na hakuna aliyelalamika kadanganywa, maana mteja aliijua kazi na aliitaka. Anayekuja kwangu na chunusi zake za mtihani, uso ni wake, chunusi ni zake, natoa. Bibi hakuniomba nimsafishie nguzo. Wala uso hakuniomba, nikifikiri vizuri.

Mkitaka kujua dungu liliishaje. Usiku nililala vibaya, asubuhi nikachukua fremu nikaitoa picha nje juani, nikaikagua kwa karibu. Nilikuwa fundi mbovu mwaka ule, ashukuriwe Mungu. Kuna kifundo cha mti chenye umbo la korosho, kipo juu ya nguzo, halafu kipo tena chini yake, halafu tena, mara nne, kilekile. Kile cha juu kabisa ndicho cha kweli, vingine ni nakala zangu. Kwa hiyo tope lilianzia mahali kati ya korosho ya kwanza na ya pili. Nikamwita Mjomba nikamwonyesha. Akamsimamisha Bibi kwenye mti, akapima kwa shubiri, Bibi analalamika anafanywa kipimo cha mbao. Korosho ya pili ipo usawa wa sikio, ya kwanza ipo shubiri moja juu ya kilemba. Mjomba akachukua ya juu, akaongeza mikono miwili, akapigilia msumari kwenye mwembe.

"Bibi si alikuwa ameegemea?" nikamwuliza. Akaongeza mkono mmoja tena.

Msumari nimeupiga picha. Imetoka na kidole changu pembeni na kuku anapita, sijaikata, na nimeituma kwa watu watatu pamoja na rumeti waihifadhi. Wale mlioniachia picha za mahafali, zipo tayari kuanzia kesho jioni, na za asili nawarudishia zote kwenye flashi, njooni na flashi zenu. Kuna dada mmoja kaniandikia nimtoe kovu la kwenye paji la uso. Bado sijaligusa, dada ukisoma hapa nipigie kwanza.