Ukifika Rufiji, usilale!

Wewe kijana wa Dar unayepanda basi la Mtwara pale Mbagala, nakujua. Mkuranga tu haijapita, kichwa kiko dirishani, mdomo wazi, usingizi wa pono. Ukishtuka uko Somanga, umezungukwa na wauza samaki. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka juzi juzi nilipomsindikiza bibi yangu, mzaa mama, kwenda kuangalia kwao.

Tulishuka Ikwiriri, tukachukua bajaji hadi Daraja la Mkapa. Ebwana, simama pale juu! Daraja karibu kilomita nzima, na chini yake Rufiji, mto wenye maji mengi kuliko mito yote ya Tanzania. Rangi ya chai ya maziwa, visiwa vya mchanga, bonde tambarare hadi macho yanachoka. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003, hapo Ndundu ilikuwa pantoni, na masika ikichachamaa abiria walilala ng'amboni siku kadhaa.

Historia nayo imejaa. Kusini ya mto kuna Ngarambe, ambako Kinjikitile Ngwale aligawa maji ya dawa mwaka 1905, Vita vya Majimaji vikalipuka. Kule chini kwenye mikoko ya delta ndiko Wajerumani walikoificha manowari yao Königsberg, ikamalizwa Julai 1915. Mimi haya yote niliyakariri shuleni, mtihani ulipokwisha nikayaacha getini. Wala sikujua kwamba ni kwa bibi yangu!

Bibi mwenyewe hakuwa na habari na Wajerumani. Alikuwa anatafuta dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo watu walilala shambani kulinda mpunga dhidi ya nguruwe na viboko. Maji yakipanda, wewe uko juu. Yakishuka, yameacha tope jeusi, unapanda mahindi bila mvua wala mbolea. Hicho ndicho kilimo cha mlau.

"Mafuriko hatukuyakimbia, tuliyangoja," aliniambia.

Mwaka 1969, baada ya mafuriko makubwa, Serikali iliwahamishia watu kwenye vijiji vya Ujamaa nchi ya juu. Bibi alikuwa binti mdogo. Anasema wazee walihama mchana, usiku wakarudi kwenye madungu yao.

Sasa kuna jipya. Huko juu, kwenye korongo lililokuwa likiitwa Stiegler, limejengwa Bwawa la Julius Nyerere: ukuta wa mita 131, mitambo 9, megawati 2,115. Lilianza kujazwa Desemba 2022. Bia yako ya baridi pale Sinza, shukuru huko. Lakini Aprili 2024 mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti zilizama, na kijiweni Ikwiriri ubishi haujaisha: wengine wanalaumu bwawa, wengine wanasema ni mvua tu, tena bila bwawa ingekuwa balaa zaidi. Sikuingilia.

"Sasa kama maji yana mwenyewe huko juu," bibi akamuuliza dereva wa bajaji, "mlau mnapanda lini?"

Jamaa, rika langu kabisa, akacheka. "Bibi, siku hizi tunasubiri tangazo."

Bibi hakucheka. Aliteremka taratibu hadi kando ya maji, akachota udongo, akaufunga kwenye pindo la khanga. Uko Mbagala sasa, ndani ya kopo la rangi, umeoteshwa bamia.