Mutondo, mti unaotulisha

Ukitoka Lubumbashi kwa barabara ya Likasi katika mwezi wa tisa, pori letu la miombo linashangaza. Mvua haijanyesha kwa miezi mingi, nyasi zimekauka, vumbi limejaa, lakini miti inatoa majani mapya, mekundu kama shaba. Mutondo ni mmoja wa miti hiyo. Haungojei mvua, kwa kuwa mizizi yake inashuka chini sana.

Kando ya barabara tunaona pia mifuko ya makala, na nyuma yake visiki. Makala hayo ndiyo tunayopikia. Lakini viwavi vya tunkubiu tunavyonunua sokoni vinakula majani ya mutondo. Ndege nao wanalisha makinda yao viwavi, na nyuki wanatafuta maua yake. Hata uyoga mwingi wa masika unategemea miti hii: nyuzi zake zimeshikana na mizizi, zinaupa mti maji, na mti unazipa sukari. Mikalitusi inakua haraka na inafaa kwa makala, lakini haitatupa tunkubiu.

Habari njema ni kwamba kisiki cha mutondo hakijafa. Kisipong'olewa, kinatoa machipukizi mengi. Tuyaache mawili au matatu yenye nguvu, tuondoe mengine. Tufyeke nyasi kukizunguka, maana moto wa mwisho wa kiangazi ndio mkali zaidi na unaua machipukizi.

Anayetaka kupanda mbegu aziokote chini ya mti, maganda yanapopasuka kabla ya mvua. Azipande mvua zikianza, mahali ambapo mti utabaki, na achanganye udongo kidogo wa chini ya mti mzazi, kwa sababu nyuzi za uyoga zimo humo. Miaka ya kwanza mche utabaki mfupi, pengine shina litakauka wakati wa kiangazi. Tusiung'oe. Unajenga mizizi kwanza.

Wenye mashamba nje ya mji, tuanze na visiki vitatu kila mmoja, kabla watu hawajaanza kuchoma nyasi. Tuwaonyeshe watoto visiki hivyo, na tuwaambie ni chakula chao.