Shangazi nusura auze shamba kwa hofu ya kuzama

Ilikuwa mwezi wa Machi mwaka wa 2018. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha upande wa Suswa, na ufa wa kutisha ukatokea na kuikata barabara ya kutoka Mai Mahiu kwenda Narok. Picha zake zilizagaa kila mahali, na kabla wiki haijaisha kila mtu mjini alikuwa mtaalamu wa miamba. Ati Afrika imeanza kupasuka vipande viwili. Ati Pwani yote, toka Lamu hadi Vanga, itakatika na kuzama baharini.

Mimi nilicheka. Nimefundisha jiografia katika shule za upili kwa miaka mingi, na hayo niliyaona kuwa porojo tupu. Kicheko kilinikauka mdomoni siku shangazi yangu aliponipigia simu kutoka Kilifi.

“Mwanangu, nimepata mtu wa kununua shamba,” alisema.

Shamba lenyewe ni ekari mbili karibu na bahari, lenye minazi iliyopandwa na marehemu mumewe. Ndilo lililosomesha watoto wake. Sasa dalali mmoja alikuwa amemjia mara tatu, akimsihi auze upesi angalau apate kitu mkononi kabla ya nchi kuzama. Bei aliyotaja haikufika hata nusu ya ile ambayo majirani walikuwa wakiuziana.

“Shangazi, ni nani aliyekwambia kwamba Pwani itazama?”

Alinyamaza kidogo. “Ni wewe, baba.”

Hapo ndipo nilipokumbuka. Krismasi moja, miaka mingi nyuma, tulikuwa tumeketi jikoni kwake tukingoja chai. Nilitaka kuwaonyesha watoto jinsi Bonde la Ufa linavyopanuka. Nikatwaa chapati, nikairarua katikati, nikakisukuma kipande kimoja hadi ukingoni mwa sinia. “Sisi wa Nairobi tutabaki hapa,” nikasema, “nyinyi wa Pwani mtaenda zenu na bahari.” Watu waliangua kicheko. Kitinda mimba wa shangazi hakucheka, bali aliyaweka maneno yale moyoni. Alipokuwa kijana akatazama San Andreas, ile filamu ya Marekani ya mwaka wa 2015 inayoonyesha miji ya California ikiporomoka na kufunikwa na maji. Basi ufa wa Suswa ulipotokea, akamweleza mamake kwamba yale aliyosema mwalimu yametimia.

Ijumaa hiyo nilipanda basi la usiku.

Nilimkuta shangazi uani akikuna nazi. Nilianza kwa kuomba radhi, kwa sababu nilikuwa nimekosea hata upande wa chapati! Bonde la Ufa limepita magharibi mwa Nairobi. Bara hili likija kugawanyika kweli, Nairobi itaondoka pamoja na Mombasa na Kilifi, na watakaobaki upande wa pili ni ndugu zetu wa Kisumu na Kakamega. Mizaha yangu yote ya mtu wa jiji ilikuwa imesimama juu ya kosa ambalo ningemnyima mwanafunzi alama.

Nilikuwa pia nimesahau kutaja muda. Pande hizo mbili hapa Kenya huachana kwa milimita chache tu kwa mwaka. Tuchukue milimita 3: tangu azaliwe Yesu hadi leo hazijatimia mita 7, yaani upana wa barabara ya kawaida. Bahari nayo, siku itakapoingia, itaingia bondeni. Haitapanda juu ya minazi ya shangazi kwa sababu hiyo. Kuhusu ule ufa wa Suswa, wataalamu wengi walisema kuwa mvua ilikuwa imekokota majivu laini ya volkano yaliyojaza nyufa za zamani, ardhi ya juu ikabaki bila kitu cha kuishikilia.

“Na California?” akauliza kijana, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

Huko nako, nikamwambia, pande mbili za ardhi husuguana ubavu kwa ubavu, karibu sentimita 5 kwa mwaka. Los Angeles inasogea kuelekea San Francisco wala haielekei shimoni. Mitetemeko ya huko inaua kweli. Ule wa San Francisco wa mwaka wa 1906 uliua watu wapatao 3,000. Lakini jimbo zima kudondoka baharini ni mambo ya sinema.

Shangazi aliweka mbuzi ya kukunia kando. “Kwa hivyo hakuna nchi iliyowahi kuzama?”

Swali hilo lilinibana, maana ningejibu hapana ningekuwa nimedanganya mara ya pili. Ipo miji iliyozama. Port Royal, kisiwani Jamaica, ulikuwa umejengwa juu ya ulimi wa mchanga. Tarehe 7 Juni 1692 ardhi ilitetemeka, mchanga ule uliolowa ukawa kama uji, na sehemu kubwa ya mji ikaingia majini. Kule Alaska mwaka wa 1964 pwani nyingine zilishuka kama mita 2, na nyingine zikainuka. Huko bamba moja la ardhi linajipenyeza chini ya jingine, jambo ambalo halipo katika pwani yetu.

Nilimpeleka hadi kwenye jabali lililo mwisho wa shamba, nikamwonyesha alama za matumbawe ndani ya jiwe. Miaka ipatayo 125,000 iliyopita jiwe hilo lilikuwa mwamba hai chini ya maji, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Alilipapasa kwa muda mrefu.

“Na ile ya 2004?” akasema.

Ile ilikuwa kweli. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la Sumatra lilituma mawimbi yaliyovuka bahari nzima. Hapa Kenya yalifika baada ya saa nyingi, polisi wakawaondoa watu ufuoni, tukapoteza mtu mmoja. Somalia walipoteza karibu 300. Nikamwambia kwamba akiona bahari imerudi nyuma kuliko kawaida, asingoje kuokota samaki, akimbilie juu.

“Hilo ndilo ungetufundisha na chapati yako,” akasema. Kisha akaangua kicheko. “Halafu huyu dalali, yeye haogopi kuzama?”

Shamba halikuuzwa.

Tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na dakika 13 usiku, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilitokea baharini, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, likasikika hadi Mombasa na Nairobi. Nilimpigia shangazi mara moja. Alikuwa uani. Alikuwa amemtuma kijana jabalini na tochi, naye akarudi na habari kwamba maji yako mahali pake. Simu za majirani zilikuwa zimejaa ujumbe wa kuonya kwamba usiku wa manane litakuja kubwa zaidi, ingawa hakuna mtu duniani awezaye kutaja saa ya tetemeko. Yeye alikuwa anaenda kulala.

“Na wewe, mwalimu, uko wapi?” akauliza.

Nilikuwa nimesimama nje ya ploti na wapangaji wenzangu, nimejifunga shuka, barakoa usoni, tukingoja kuona ni nani atakayethubutu kupanda ngazi kwanza kabla ya kafyu ya saa tatu.