Mkataba Hadi Mkataba: Maisha ya Kazi katika Nyanda za Juu za Kigoma

Ajira ya mshahara katika wilaya za Kibondo na Kasulu imekuwa, kwa vizazi kadhaa, ajira inayoletwa kutoka nje na kuondolewa kwa uamuzi wa watu walio mbali, na maisha ya kazi yanayosimuliwa hapa ni sehemu ya historia hiyo. Wakati wa utawala wa Waingereza, Buha, yaani nchi ya Waha inayojumuisha wilaya hizo mbili na jirani zake, ilihesabiwa kuwa chimbuko la vibarua. Vijana wake waliandikishwa kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro, na kuanzia mwaka 1944 uandikishaji huo ulisimamiwa na SILABU, ofisi iliyoundwa na wenye mashamba ya mkonge ili kutafuta na kusafirisha wafanyakazi, ambao watu waliwaita manamba. Mwandishi wa tawasifu hii, aliyezaliwa Kasulu katika kizazi cha wajukuu wa manamba, hakulazimika kusafiri mbali kufuata mshahara, kwa kuwa katika miaka ya 1990 mshahara ulikuja wenyewe hadi mlangoni, ukiwa umeandamana na maafa ya majirani.

Kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mwezi Oktoba 1993, kisha vita vilivyolipuka mashariki ya Kongo mwaka 1996, viliwaleta wakimbizi kwa malaki katika mkoa wa Kigoma. Kambi zikafunguliwa, zikiwamo Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu upande wa Kasulu, na Nduta, Kanembwa na Mtendeli upande wa Kibondo. Fedha nyingi zilipitia Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, ambalo liligawa kazi kwa washirika watekelezaji, yaani mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyopewa kila moja jukumu lake: moja maji, jingine afya, jingine elimu au ugawaji wa chakula. Mashirika hayo yalihitaji madereva, walinzi, watunza ghala, wauguzi na makarani, na yaliwapata wengi wao kutoka vijiji vya jirani. Mwandishi, akiwa na cheti cha kidato cha nne tu, alianza kama kibarua wa kuhesabu magunia siku za mgao, akapanda kuwa karani wa kuandikisha kaya, na baada ya kusoma stashahada ya maendeleo ya jamii akawa mtumishi wa huduma za jamii kambini.

Sifa iliyomfaa kuliko vyeti vyake ni lugha, kwa sababu Kiha na Kirundi vinasikilizana kwa kiasi kikubwa, na mzungumzaji wa lugha moja huweza kufuata mazungumzo ya mwenzake bila mkalimani. Hata hivyo matangazo ya kazi ya wakati huo yalitanguliza Kiingereza na shahada, na lugha ya watu waliohudumiwa iliwekwa mwishoni kama jambo la ziada. Hapo ndipo manung'uniko ya kwanza ya watumishi wenyeji yalipoanzia: nafasi za kutoa uamuzi zilijazwa na watu waliohitaji mkalimani ili kuelewa kilichokuwa kikiamuliwa, na mkalimani huyo alilipwa mshahara wa karani.

Chanzo cha pili cha manung'uniko kilikuwa mkataba wa muda maalumu, ambao ni mkataba unaotaja tarehe ya kwisha kwake tangu siku unaposainiwa. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kilipotungwa kiliutambua mkataba huo kwa wataalamu na watu wa kada ya uongozi, sambamba na mkataba wa muda usiotajwa na mkataba wa kazi mahususi. Kambini, muda wa mkataba ulifuata bajeti ya mfadhili, na bajeti ilifuata mwaka, kwa hiyo kila ilipofika miezi ya mwisho ya mwaka shughuli zilipoa, watu wakauliza kama bajeti imetoka, na aliyekuwa akipanga kujenga au kuoa aliahirisha. Kupanda cheo nako kulikuwa kugumu, kwa sababu cheo kilikuwa mali ya mradi. Mradi ulipokwisha, mtumishi mwenye uzoefu wa miaka mingi aliomba upya kazi ileile aliyoifanya, akiwekwa katika foleni moja na mhitimu aliyemaliza chuo mwaka huo.

Chini ya watumishi hao walikuwapo wakimbizi waliofanya kazi kwa motisha, yaani malipo madogo ambayo hayakuitwa mshahara, ingawa wauguzi na walimu miongoni mwao walifanya kazi sawa na ya Watanzania waliokaa nao chumba kimoja. Ulinganisho huo ulimfunza mwandishi kupima lalamiko lake kabla ya kulitamka, lakini haukulifuta.

Uhusiano na watu waliohudumiwa, ambao katika lugha ya mashirika huitwa walengwa au wanufaika, ulikuwa na ugumu wa pekee, kwa sababu mlengwa hakumchagua mhudumu wake, wala hakuweza kumwacha na kwenda kwa mwingine. Mgao wa chakula ulipopunguzwa kwa kukosa fedha, uamuzi ulifanywa katika miji ambako hata mhudumu hakuwahi kufika, lakini lawama ilishushwa kwenye meza ya mgao, kwa yule aliyeonekana. Wahudumu wengi walijikinga kwa ukali au kwa ahadi, na njia zote mbili ziliharibu kazi ya siku zilizofuata. Mwandishi aliona kwamba watu walivumilia habari mbaya iliyotolewa mapema na kwa sababu zake kuliko habari njema isiyotimia, na kwamba salamu kamili ya Kiha, inayoambatana na kupiga makofi taratibu na kuulizana hali za nyumbani kabla ya shida yenyewe kutajwa, haikuwa upotevu wa muda kama wasimamizi wageni walivyodhani. Mtu aliyesalimiwa hivyo aliweza kuambiwa hapana bila kuona amedharauliwa.

Warundi walipoanza kurejea kwao kwa makubaliano ya serikali mbili na UNHCR katika muongo wa 2000, kambi zilifungwa moja baada ya nyingine, hadi Mtabila nayo ikafungwa mwishoni mwa mwaka 2012 na Nyarugusu ikabaki na Wakongo. Watumishi waliobaki bila kazi waliingia katika kutafuta ajira kwa namna ya wakati ule: kusoma mbao za matangazo za halmashauri na za mashirika, kuandika barua ya maombi kwa mkono, kuambatanisha wasifu, picha za pasipoti na nakala za vyeti zilizothibitishwa na hakimu au wakili, kisha kupanda basi katika barabara ya vumbi ya Kasulu, Kibondo na Nyakanazi kwenda kuiwasilisha. Kikwazo kilichowaumiza wengi kilikuwa wadhamini, yaani watu watatu wa kuthibitisha tabia na uwezo wa mwombaji. Wadhamini wa mtumishi wa miradi walikuwa wamehamishiwa nchi nyingine, anwani zao zimebadilika, na ofisi zilizomwajiri zimefungwa, kiasi kwamba mtu aliyefanya kazi muongo mzima hakuwa na wa kusema kwamba aliifanya. Juu ya hayo palikuwa na kujuana, yaani nafasi kupewa ndugu au rafiki wa mwajiri, jambo lililosemwa sana na kuthibitishwa mara chache, na palikuwa na ukimya, kwa kuwa matangazo yalitamka wazi kwamba wasioitwa kwenye usaili wajihesabu hawakufaulu.

Katika kipindi hicho mwandishi alifungua steshenari mjini Kibondo, duka la kuchapa, kutoa nakala na kuuza karatasi, lililotegemea umeme wa majenereta kabla gridi ya taifa haijafika. Waliolijaza ni watafuta kazi wenzake, wazee waliohitaji barua za mashauri ya ardhi, na ofisi zilizonunua kwa mkopo. Biashara hiyo ilimfundisha kutambua aina tatu za wateja. Mteja maskini alilipa taslimu na kurudi, mradi siri ya barua yake ilitunzwa. Mteja mwenye haraka alitaka wasifu uliopambwa kwa kazi ambazo hakuzifanya, na kumkatalia kulimpotezea mwenye duka fedha ya siku lakini kulilinda jina la duka mbele ya ofisi zilizopokea barua hizo. Mteja wa tatu, taasisi, aliagiza kwa wingi na kulipa kwa kuchelewa, na biashara ndogo nyingi za wilayani hufa kwa deni la mteja wa aina hii zikiwa bado zina kazi nyingi mezani. Dawa iliyopatikana ni kutotoa mzigo wa pili kabla ya malipo ya kwanza, na kulisema hilo kwa heshima siku ya kwanza badala ya siku ya ugomvi.

Machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 yalizifungua kambi upya: Nduta mwezi Oktoba mwaka huo, na Mtendeli, ambayo sasa imo katika wilaya ya Kakonko, mwezi Januari 2016. Nduta pekee ilipokea zaidi ya watu 100,000. Mwandishi alirudi kazini, safari hii akiomba kwa barua pepe na kusailiwa mbele ya kompyuta, na akasimamiwa na vijana wenye shahada ambao baadhi yao wasifu wao wa kwanza ulichapwa dukani kwake. Mtendeli ilipofungwa mwaka 2021, alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa.

Kupunguzwa kazi kuna taratibu ambazo watumishi wengi huzijua wakiwa wamechelewa. Sheria ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane na wafanyakazi. Inaweka kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Na anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mabadiliko ya sheria za hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 yaliliondoa fao la kujitoa, yaani haki ya kuchukua michango yote mara ajira inapokoma, na kuweka fao la kukosa ajira linalolipa theluthi ya mshahara kwa miezi isiyozidi 6. Kwa mtumishi wa miradi, aliyezoea kugeuza michango kuwa mtaji wa duka au shamba kati ya mkataba na mkataba, badiliko hilo lilikuwa zito kuliko kwa mtu wa ajira ya kudumu.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, wafanyakazi wa miradi katika nchi nyingi walipoteza ajira ndani ya wiki chache, na walioshuhudia kufungwa kwa kambi za Kibondo na Kasulu hawakushangazwa na namna ilivyotokea. Kukosa kazi katika nyanda hizi si ushahidi wa uvivu wala wa kutofaa, na jamaa wanaomcheka aliyerudi nyumbani baada ya mradi kwisha wanamlaumu kwa bajeti ambayo hakuiandika. Kilicho chini ya uwezo wa mtumishi ni kidogo, lakini kipo: kudai cheti cha utumishi, ambacho sheria inamlazimisha mwajiri kukitoa, kabla ofisi haijafungwa, kutunza kila mkataba na hati ya mshahara, kupata mdhamini mmoja asiyehama wilayani, na kuwahudumia watu kwa namna ambayo jina litabaki hata mradi ukiondoka. Halmashauri za wilaya nazo zingetenda haki kwa kuweka daftari la watumishi waliowahi kufanya kazi kambini, ili uzoefu wao uthibitike hapa hapa nyumbani.